Nilibeba kila kitu, kivuli nikakisahau

Karakana yangu nzima ya uhunzi inaenea kwenye guta moja. Tanuri ni ngoma ya breki ya lori niliyoichomelea miguu mitatu. Fuawe, pale ninapofulia chuma, ni kipande cha ekseli kilichosimikwa kwenye gogo la mwembe, na feni ya kupulizia moto naizungusha kwa mkono kwa ringi ya baiskeli. Nyundo mbili, koleo, ndoo, nusu gunia la mkaa, basi. (Kipande cha reli kingefaa zaidi kuwa fuawe, lakini reli ni mali ya umma, sikutaka hata kuulizia.) Nimepanga chumba Mabatini, hapa Mwanza, kule juu kwenye mawe, na mwenye nyumba hataki kelele za nyundo. Ndiyo maana nahama na karakana.

Jumamosi nilishuka nayo mwaloni Kirumba. Fundi mmoja wa mitumbwi alikuwa ameniagiza chuma cha kukalafati, kile cha kusindilia pamba kwenye maungio ya mbao. Unachukua springi ya lori, unainyoosha, unapanua ncha, unaiacha butu. Nikawasha moto saa sita mchana.

Sikujua kwamba kwenye jua kali chuma chekundu huonekana cheusi. Nikakitoa, nikaona bado. Nikakirudisha, nikazungusha feni kwa nguvu zaidi. Mara ya nne kilitoka kikirusha cheche kama fataki. Chuma kikifika hapo kimeungua, hakuna dawa. Pigo la kwanza tu, ncha ikamong'onyoka kama ukoko wa ugali. Niliumia sana. Springi ile niliitafuta wiki nzima.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu akaniita. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Rangi ya chuma unaisomaje juani?"

Kwao ni Geita, ng'ambo ya ghuba, upande wa Warongo, watu waliokuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe tangu enzi za mababu. Babu yake alifulia kwenye kibanda ambacho paa lake lilishuka hadi kiunoni. "Utotoni nilidhani anakimbia mvua," akasema. "Kumbe alikuwa anatafuta giza."

Usiku ule sikulala vizuri, maneno yale yalikuwa yananizunguka kichwani. Jumapili nikarudi alfajiri na turubai jeusi na fito nne, nikafunika pande tatu. Jamani, zile rangi! Wekundu wa damu iliyoganda, halafu wa nyanya mbivu, halafu chungwa, na njano ikianza kuchungulia. Nilipiga kwenye chungwa, wekundu ulipofifia nikarudisha motoni. Springi iliyobaki ikanitii kama udongo wa mfinyanzi.

Fundi alikipokea kikiwa bado na uvuguvugu. Akapiga magoti kando ya mtumbwi, akasindilia pamba kwenye ufa mmoja, akapitisha kidole, akaendelea na wa pili. Bila kuinua kichwa akaniuliza kama naweza kumtengenezea kingine, chembamba zaidi, cha kwenye pembe za omo, kule mbele ya mtumbwi.