Beringi ya mashine ya kusaga juu ya mnara wangu

Kusi ya mwaka jana ilinilia mota inayozungusha antena yangu ya redio. Asubuhi moja nilipanda mnarani hapa nyumbani Tanga, nikalishika kwa mkono bomba linalobeba antena, likacheza huku na huku kabla gia haijashika. Meno yamelika. Niliumia, maana mota ile niliidundulizia kwa muda mrefu.

Kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Yagi, yaani antena ya kuelekeza upande mmoja, ya mawimbi ya mita 20, yenye vijiti vya karibu mita 10 kila kimoja, niliiweka juu ya bomba la mita moja na nusu, na bomba lote likategemea mota peke yake. Mota kazi yake ni kuzungusha. Mimi niliipa na kazi ya kuzuia bomba lisilale.

Wenzangu wa redio ya ridhaa, sisi tunaowasiliana kwa redio kwa kujifurahisha, pigeni hesabu hii. Upepo wa mita 20 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa niutoni (kipimo cha nguvu) 245 hivi. Antena yangu naikadiria nusu mita ya mraba, basi ni niutoni 120, mita moja na nusu juu ya mota. Ukiweka beringi mita moja juu ya mota, bomba linakuwa kama wenzo, na beringi inabeba niutoni 180 (120 mara moja na nusu) na kuzipeleka mnarani. Mota inabakiwa na 60 za ubavuni, na ule mpindo wote unaondoka.

Fundi wa kuchomelea alipotazama mchoro wangu akasema, "Mzee, hapa si ile beringi ya mashine ya kusaga?" Ndiyo hasa! Ya pembe nne, matundu manne ya bolti, tundu la kati milimita 50. Bomba langu ni 48, tukalizungushia ukanda mwembamba wa bati. Uzuri wake, inajilaza yenyewe bomba likiinama kidogo.

Ila haisamehi mota ikikaa kando ya mstari. Tuliacha bolti za mota zimelegea, tukazungusha bomba duara zima kwa mkono, tukapachika vipande vya bati chini ya mota hadi pasikwame popote. Ndipo tukakaza, skrubu za beringi mwisho kabisa, bomba likiwa limeshaketi kwenye mota. Grisi naongeza kila kabla ya kusi, chumvi ya bahari haina huruma.

Juzi usiku niliielekeza Ulaya, minazi ikilala kwa upepo. Sindano ya kisanduku cha kuongozea mota, inayoonyesha antena imeelekea wapi, ilitulia palepale nilipoiacha.