Mkia wa buluu

Asubuhi hii, kwenye ukuta wa mawe nyuma ya nyumba yetu hapa Mikindani, Mtwara, paka wa jirani kamrukia mjusi mdogo, yule mweusi mwenye mistari myembamba mgongoni na mkia wa buluu unaong'aa. Kaambulia mkia. Mwenyewe alishaingia kwenye ufa. Kile kipande kikabaki mchangani kinarukaruka, kinajikunja huku na huku, na paka kaking'ang'ania macho, akikipiga kofi kila kikitulia.

Kinyonga husifiwa kwa kujificha, na anastahili. Lakini mimi wananigusa zaidi hawa ambao wataonekana tu, wapende wasipende, basi wanaonekana pale wanapotaka. Buluu ile imekaa mahali ambapo meno yakifika hayaui. Mifupa ya mkia ina sehemu maalumu za kukatikia, misuli inabana damu isimwagike, na baadaye huota mkia mwingine, wenye gegedu badala ya mfupa. Si bure, lakini. Mkia ni ghala lake la mafuta, na huyu wa leo ni mtoto bado. Wengi wao buluu hufifia wakishakua.

Baharini mambo ni hayo hayo, ila hakuna kinachokatika. Tazama kitatange wa kwenye miamba: mstari mweusi umepita juu ya jicho lake ukalimeza, na baadhi yao wana doa jeusi la mviringo huku nyuma, karibu na mkia. Anayelenga kichwa hulenga pasipo kichwa, na samaki huchomoka upande asioutarajia.

Dome, yule ndugu wa ngisi na pweza, ndiye aliyenimaliza kabisa. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba dome wachanga, wakikabiliwa na samaki anayewinda kwa macho, hujitoa madoa mawili meusi mgongoni, makubwa, yanayokodoa. Akija kaa, au papa mdogo anayefuata harufu, hawayatoi. Wanakimbia tu. Maana yake kiumbe laini, kichanga bado, kinatambua ni adui gani wa kudanganywa kwa macho na yupi hadanganyiki hivyo. Tena hakufunzwa na mtu: dome jike hutaga mayai, akafa kabla hayajaanguliwa.

Na sisi Mtwara tunamjua zaidi akiwa kwenye sufuria la nazi. Bamvua likija nitashuka mwambani nimtafute akiwa hai.