Kuishi Jirani na Makaburi ya Kinondoni

Nyumba niliyopanga hapa Kinondoni, Dar es Salaam, iko jirani kabisa na makaburi, na karibu kila mgeni anayenijia kwa mara ya kwanza huniuliza kama siogopi usiku. Siogopi. Nimekulia Kilimanjaro, katika kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga, ambamo babu na bibi wamezikwa kati ya migomba, hatua chache kutoka jikoni, na sisi watoto tulipita hapo kila siku tukienda kukata majani ya ng'ombe. Kwetu Uchaggani mtu huzikwa kwenye ardhi ya ukoo wake, na ndiyo maana watu wa kwetu wanapofiwa huku mjini hukaa vikao na kuchangishana fedha ili mwili usafirishwe hadi Moshi au Rombo, safari ya zaidi ya kilomita 500, hata kama marehemu aliishi Dar es Salaam tangu ujana wake.

Kwa hiyo nilipohamia hapa sikuwaza mizimu, bali nilijiuliza ni akina nani wanaozikwa katika makaburi ya mji. Jibu nimelipata kidogo kidogo kwa kutazama mazishi. Majirani zangu Waislamu humzika maiti wao mapema iwezekanavyo, mara nyingi siku ile ile: wanaume hupokezana jeneza mabegani, kisha maiti hulazwa ndani ya mwanandani, shimo dogo lililochimbwa ndani ya kaburi, akiwa katika sanda tu, ameelekezwa kibla. Kwao kumsafirisha maiti mbali si jambo la kupendeza, na ardhi yoyote ya Mwenyezi Mungu inatosha. Wako pia wale ambao mji ndio uliogeuka kuwa kwao. Mwigizaji wa filamu Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga, lakini alipofariki mwezi Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28, aliagwa na umati mkubwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa hapa hapa Kinondoni, karibu na watu waliompenda.

Kinachoniumiza ni makaburi yasiyo na mtu wa kuyatunza. Yako yaliyojengewa kwa vigae na kupakwa rangi, na pembeni yake yako mengine ambayo msalaba wake wa mbao umeoza au kibao chake kimefutika maandishi, nyasi zimeota, na hakuna ajuaye aliyelala humo. Katika kihamba jambo hilo ni gumu kutokea, kwa sababu anayepalilia migomba hulipalilia na kaburi. Mjini lazima mtu apange siku, apande daladala, aje. Na anayeishi mbali huahirisha mpaka watoto wake hawajui tena pa kuelekea. Ikitokea ardhi ikahitajika kwa matumizi ya umma, kwa mfano barabara, ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo inataka watu wenye haki juu ya kaburi wapewe taarifa. Kwa kaburi lililosahauliwa, taarifa hiyo atapewa nani?

Mambo haya yananifanya niwatazame kwa heshima wazee wa pwani waliojenga makaburi ya nguzo kule Kunduchi, wakapachika sahani na bakuli za kaure kwenye kuta zake ili wapitao watambue kwamba hapo amelala mtu aliyethaminiwa. Siamini kwamba tunahitaji kaure, wala vigae. Jina linalosomeka na jembe mara moja kwa mwaka vingetosha, na naona sisi tunaoishi jirani tunaweza kung'oa nyasi hata kwenye kaburi la mtu tusiyemjua.

Mwaka huu nimewaambia ndugu zangu kwamba nikifia hapa nizikwe hapa, na fedha za kusafirisha mwili walipiwe ada wapwa zangu. Dada yangu amenielewa. Baba mdogo hajakubali, anasema nafasi yangu kihambani ipo na haiwezi kupewa mtu mwingine, na mazungumzo hayo tutayaendeleza Desemba nitakapopanda nyumbani.