Nilivyotoka namba mbili nikawa beki wa kati, na ufupi wangu

Nilipovuka miaka 30, mawinga wa Ligi Kuu walianza kuniacha. Tangu nipande kutoka timu ya vijana nilikuwa namba mbili, beki wa kulia wa kupanda na kushuka, na kazi ile inakula mapafu na misuli ya paja. Kocha mpya akaniita pembeni: "Mdogo wangu, kuanzia kesho unacheza katikati." Wenzangu walishangaa. Mimi ni mfupi, na mastraika wa siku hizi ni miti mirefu.

Aliyenipa moyo ni Fabio Cannavaro, beki wa kati wa Italia. Urefu wake ni kama sentimita 175 tu, lakini mwaka 2006 aliinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Italia, na mwaka huohuo akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Si bure Nadir Haroub, beki wa zamani wa Yanga na Taifa Stars, alipewa jina lake. Nikatafuta mechi zake za zamani nikawa namtazama yeye tu, hasa mpira ukiwa mbali naye. Hapo ndipo beki anapofanya kazi kubwa, ingawa kamera hukimbilia kwingine.

Kwanza nilifundisha shingo yangu. Beki wa pembeni analindwa na mstari upande mmoja. Katikati hatari inatoka kila mahali. Nikajizoesha kugeuza kichwa wakati pasi ingali njiani, maana ndipo straika anapohama. Mwili nikauweka nusu upande, mguu mmoja nyuma, ili mpira ukipigwa mgongoni mwetu niwe tayari nimeshageuka. Kasi niliyopungukiwa niliipata hapo.

Mipira ya juu ilinichukua muda mrefu zaidi. Mfupi akisimama chini ya mpira na kungoja, ameshashindwa. Nilijifunza kurudi hatua mbili tatu, nije na mbio, niruke kabla ya straika. Nisipoweza kuupata, nilihakikisha naye haupigi kwa raha, na pacha wangu, beki mwenzangu wa kati, anausubiri mpira wa pili, ule unaodondoka baada ya kugombewa. Viwanja navyo vina tabia zake. Kaitaba, Bukoba, kwenye nyasi bandia, mpira unadunda juu, kwa hiyo niliuwahi kabla haujagusa chini. Sokoine, Mbeya, kule juu hewa ni nyepesi na mpira mrefu unasafiri kuliko unavyodhani, basi nilisimama nyuma kidogo.

Halafu mdomo. Kipa wetu aliniambia, "Kaka, ukinyamaza mimi naingiwa na wasiwasi." Tangu siku hiyo sikunyamaza: panda, shuka, mgongoni, muache. Kwenye mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili straika abaki ameotea, anayeharibu mara nyingi ni beki wa pembeni anayechelewa kupanda, kwa sababu macho yake yako kwa winga. Nilikuwa nimeicheza nafasi ile, najua anachokiona na asichokiona, hivyo nilimwita kwa jina mapema kabla mstari haujasogea.

Nilicheza katikati misimu mingine kadhaa. Sasa nawafundisha mabeki wa vijana wa chini ya miaka 20, na zoezi la kwanza ni hili: pasi inakuja, mimi nipo nyuma ya kijana nimeinua vidole, naye lazima ataje idadi ya vidole hivyo kabla mpira haujamfikia mguuni.