Unakwenda na nani?

Kwetu Wete, mtu akikuona umetoka na mkoba begani hakuulizi unakwenda wapi. Anakuuliza unakwenda na nani. Suala hilo nimelisikia tangu nina miaka sita natumwa boflo dukani, mpaka siku niliyoondoka Pemba mwaka 2015, mkubwa mzima, paspoti mkononi. Shangazi yangu aliniuliza pale pale bandarini Mkoani, boti inapiga honi. Nikamwambia, "Peke yangu, shangazi." Akanitazama kama niliyemwambia nakwenda kujizika.

Glasgow, Uskochi, nilikohamia, hakuna aliyeniuliza. Mwezi wa kwanza niliona raha isiyo kifani: naingia, natoka, hakuna jirani aliyekaa barazani kuhesabu nyendo zangu. Mwezi wa tatu raha ikesha. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi alasiri. Naingia kazini kiza, natoka kiza. Siku ya mapumziko nalala kutwa, naamka kula wali na maharage ya kopo, nalala tena. Ningekufa mle chumbani, wa kwanza kujua angekuwa mwenye nyumba, na yeye angejua tarehe moja ya mwezi.

Aliyenitoa ndani ni mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima wa hapo hapo, aliyenambia kwamba dawa ya baridi ile si blanketi, ni kupanda mlima. Nilidhani ananitania. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, kweli, lakini kwetu mtu hapandi kilima ili afike juu. Unapanda kwa sababu shamba liko upande wa pili, au mkarafuu uko juu na msimu umeingia. Ukipanda, ukatazama, ukashuka mikono mitupu, wataulizana umepatwa na nini.

Nikaenda. Safari ya kwanza hata kilima sikukiona. Niliambiwa njia kubwa ya wapanda milima, West Highland Way, kilomita 154 mpaka Fort William, inaanzia mji unaoitwa "Malgai". Nikaitafuta Malgai kwenye ubao wa treni, haipo. Nimesimama na mkate wangu na chupa ya chai, treni ikaja, ikaondoka. Baadaye ndipo nikajua kuwa Malgai huandikwa Milngavie. Na kuna watu wanasema ng'ombe ni neno gumu.

Kilichonishangaza kuliko milima ni hodi. Uskochi wana sheria ya mwaka 2003 inayompa kila mtu haki ya kupita kwa miguu karibu ardhi yote, hata ya bwana mkubwa mwenye kasri, ilimradi asiharibu kitu wala asiingie uani kwa watu. Siku za mwanzo nikifika kwenye geti la malisho nasimama. Mdomo wenyewe unasema hodi. Kondoo wananitazama. Nafungua, napita, nafunga, moyo unanidunda kama mwizi wa mafenesi. Kwetu nako njia za mashambani kila mtu hupita, ila hupiti kimya. Unatoa salamu, unaulizwa za nyumbani, unajibu, ndipo unapita. Kule unapita tu, na ilinichukua miezi kuacha kujihisi mkosa adabu.

Nikanunua viatu vya milimani, vya mtumba, vizito kama vya fundi mwashi. Mtandio niliufunga kwa pini nne, upepo ukanifundisha kuvaa kofia ya sufu juu yake. Usubi wa majira ya joto nao ukanifundisha yake: vijidudu kama vumbi, vinauma kama cheche, na wanayempenda zaidi ni mtu aliyesimama kusali. Juni maghribi inaingia baada ya saa nne usiku, kwa hivyo mchana haukwishi, na mimi nilitembea mpaka nyayo zikawaka moto. Huko juu nilisali nikielekea kusini-mashariki. Kwetu Pemba kibla ni kaskazini moja kwa moja. Utotoni nilidhani ni kaskazini kwa dunia nzima.

Sasa siku niliyoteleza. Ilikuwa Conic Hill, kilima cha mita 361 juu ya kijiji cha Balmaha. Si kitu, watoto wanakipanda na bibi zao. Ukifika juu unaliona ziwa la Loch Lomond limetandikwa chini, na visiwa vimejipanga mstari mmoja kuingia ziwani. Cha karibu kinaitwa Inchcailloch, maana yake kisiwa cha bikizee. Nikaanza kuvitaja kimoja kimoja, najifaharisha peke yangu, na katikati ya kutaja nikakwama. Magharibi ya Pemba nako kuna visiwa, na mimi sijakanyaga hata kimoja. Hata Misali! Bibi alikuwa akitusimulia kwamba Nabii Khidhri alifika pale akataka msala wa kusalia, akakosa, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala wangu, maana kimeelekea kibla. Misali hiyo nimeiona kwa mbali tu, nikiwa melini, na nafikiri siku hiyo nilikuwa natapika.

Nikateremka na fikra hizo, mvua imeanza, jiwe likaniponyoka mguuni. Kifundo kikalia ko. Simu haina mtandao. Nikakaa kwenye majani maji saa nzima, nalia, naona haya kulia, nalia tena. Waliotokea ni mzee mmoja na mkewe na mbwa wao. Mbwa akaja moja kwa moja kunilamba mkono. (Mguu umevimba kama fenesi, na mimi wallahi nilichofikiria ni udhu.) Yule bibi akapiga magoti, akanifunga kifundo kwa skafu yake, akanipa fimbo, kisha akaniuliza, "Kuna mtu anayejua kama uko huku?"

Nikanyamaza. Nilikuwa namsikia shangazi yangu wa Mkoani, ila kwa lafudhi ya Kiskochi.

Tangu siku hiyo, kila ninapopanda namtumia mama ujumbe wa sauti asubuhi: mama, leo nakwenda mlima fulani, napitia huku, saa fulani nitakuwa nimeshuka. Mama hajui Balmaha iko wapi, lakini saa anajua kuhesabu. Siku niliyochelewa dakika arubaini nilikuta kanipigia mara kumi na moja. Nilipokwenda Ben Nevis, mita 1,345, mrefu kuliko milima yote ya Uingereza, yeye aliutangaza mtaani kabla mimi sijafika nusu. "Mwanangu leo yuko na Beni Nevisi." Jirani akamuuliza, huyo Beni ndiye mchumba?

Julai iliyopita nikarudi nyumbani wiki tano. Karafuu zimeiva, majamvi yametandikwa kila uwanja, ukifungua dirisha asubuhi harufu inakuingia mpaka kooni. Mama akavitazama viatu vyangu mlangoni. "Umekuja kujenga?"

Siku ya nne nikamwambia, "Mama, kesho nakwenda Kigomasha, kwenye mnara wa taa ya meli."

Mnajua alichoniuliza.

"Peke yangu," nikasema. Akaendelea kuchambua makonyo kwenye karafuu, vidole vinakwenda mbio, hakuniangalia. Ukimya wa mama yangu una sauti kuliko kelele za watu wengine. Mwisho akasema, "Basi chukua mwavuli."

Nikapanda gari mpaka Konde, nikashuka, nikashika njia ya Ngezi kwa miguu. Mwendo wa nusu siku. Ndani ya msitu jua linazimika ghafla. Mivule, mijoho, na ile mipapindi, mnazi si mnazi, mpopoo si mpopoo, ambayo asili yake ni Pemba. Popo wakubwa wenye uso wa mbweha wananing'inia juu kama nguo zilizosahauliwa kuanuliwa. Popo hao hawapatikani kwengine popote duniani. Mimi nimezaliwa kisiwa kimoja nao, na niliwasoma kwa mara ya kwanza kwenye simu, nimekaa kwenye basi la Glasgow.

Lakini kutembea peke yangu, kwa maana ya Kiskochi, nilikupata kwa dakika ishirini pengine. Alinipita mtu na baskeli, gunia la karafuu nyuma. Akafunga breki.

"Dada, umepotea?"

"Sijapotea, kaka. Natembea."

"Unamtembelea nani?"

"Simtembelei mtu. Natembea tu."

"Tu?" Akalipima neno hilo. Lugha yetu wenyewe ilikuwa upande wake: kutembea kwetu ni kwenda kwa watu, na mimi nilikuwa naeleza kitu ambacho neno lake lishachukuliwa. Akaniuliza ni wa Wete ya wapi, mtoto wa nani, akapata anachokitafuta, akaenda zake kwa amani. Mbele kidogo vijana wa bodaboda. Mbele yao bi mkubwa mmoja aliyenikalisha chini kwa nguvu Makangale akanipasulia dafu, na nilipotaka kumlipa akaniuliza kama huko Ulaya nimefunzwa matusi.

Kigomasha nilifika adhuhuri. Mnara ni wa chuma, wa mwaka 1900, ngazi za ndani nyembamba unapanda bega linagusa ukuta. Ukitoka juu, mkono mmoja Vumawimbi, mchanga mweupe unapinda na hakuna mtu, mkono wa pili mkondo wa Pemba, buluu inayokolea ghafla kama wino uliomwagika. Niliangua kilio kidogo. Kisha nikapiga picha, kama watu wote.

Nikafika nyumbani baada ya maghribi. Mama yuko barazani.

"Ulikunywa dafu Makangale," akasema, "na hukulimaliza."

Nilitaka kukasirika. Nimeishi miaka chungu nzima najilipia kodi, navuka nchi kwa treni, nimelala kwenye hema peke yangu mvua inanyesha, na hapa habari zangu zimefika kabla yangu, na kiwango cha dafu. Nikaingia kuoga. Kwenye maji ndipo nikafanya hesabu: kutoka Konde mpaka mnarani walikuwapo si chini ya watu kumi waliojua kama niko huku. Ningeteleza, wangenibeba kwa jamvi.

Wakati wa kula, mkate wa mofa na pweza, mama akauliza mnara ule ukoje. Nikamweleza. Akatafuna kwanza. "Mimi sijapata kuuona."

Miaka sitini na kitu, kisiwa chenyewe hiki. Shamba, skuli za watoto, arusi za Chake, maziko ya Micheweni. Kila alikokwenda alikuwa na la kumpeleka. La kumpeleka mnarani halijatokea.

Jumamosi tukakodi gari mpaka Makangale, kisha tukatembea. Yeye kwa kandambili, mimi kwa buti zangu za fundi mwashi. Kipande ambacho mimi nilikimaliza kwa saa, mama alikila saa tatu. Kila nyumba hodi, kila hodi habari za mgonjwa wa nyumba hiyo, na kwa yule bi mkubwa wa dafu alikaa mpaka nikadhani tumehamia. Chini ya mnara akatandika kanga, akafungua bakuli la mihogo, akasema yeye ngazi hizo haziwezi.

"Panda wewe. Mimi niko hapa nakungojea."

Nikapanda. Nilipotokea juu nikainama kumpungia, lakini hakuwa ananitazama. Mlinzi wa mnara alikuwa amechuchumaa pembeni ya kanga na kipande cha muhogo mkononi, na mama anamhesabia kitu kwa vidole, dole la kwanza, la pili, la tatu. Sauti yake ilinifikia huku juu kwa upepo: "Basi mamaako na mimi ni watoto wa ndugu!"