Mjusi kwenye CPU: nilivyookoa faili kwenye diski iliyokuwa inakufa

Kama wiki mbili hivi nilikuwa nasikia usiku tki tki tki pale kona ya meza ya kompyuta, nikajua ni mjusi. Nimelipiga pazia na fagio mara tatu, mama watoto ananiangalia tu bila neno. Kumbe mjusi yuko ndani ya CPU, lile boksi la kompyuta, na si mjusi kweli, ni diski inayotunza faili ndo inalia.

Mashine yenyewe ni desktopu ya mtumba, tunayo hapa nyumbani Tabata miaka mingi tu, pamoja na diski yake ya GB 500. Mama watoto anaitumia kutaipu mitihani ya shule za jirani na ripoti za fildi za wanachuo, kwa hiyo usiione mbovu hivyo, ile ndo inanunua mboga. Ikaanza kuganda. Unafungua faili, inakaa kimya dakika nzima, taa imewaka haipepesi, halafu inazinduka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Nikampigia fundi ninayemjua, akasema hiyo RAM bosi (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), toa usugue na raba ya shule. Nikasugua. RAM ikang'aa, mjusi akaendelea. Wa pili yuko Kariakoo, huyu hata hakuiangalia, "lete tupige Windows, elfu ishirini tu kaka", yani kuiweka upya. Yani Dar hii kompyuta ikiumwa kichwa piga Windows, ikiumwa tumbo piga Windows. Kupiga Windows kwenye diski inayokufa ni kuandika upya juu ya vitu vyako, na diski yenyewe bado ni ileile mbovu!

Lakini nisiwacheke sana maana uharibifu mkubwa nilifanya mimi mwenyewe, mjuaji. Jumamosi usiku nikaandika chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, na ile /r yake ya kutafuta sehemu mbovu, nikaenda kulala nimeridhika kabisa kama mtu aliyemeza dawa. Asubuhi imefika asilimia 11. Nikaiacha mpaka Jumapili jioni, ilipomaliza folda nzima ya mitihani ya muhula haipo, badala yake kuna vifaili vimejazana vinaitwa FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mpaka huko. Ndo nikaja kuelewa, chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, faili zako hazimhusu, tena inailazimisha diski mgonjwa isome kila kona, na marekebisho inayaandika humo humo. Ni kama kumkimbiza mgonjwa wa moyo ngazi za ghorofani ili umpime.

Hapo ndo nikaweka CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, kitu ambacho ningeanza nacho. Ikatoa rangi ya njano. Mstari wa C5, yale maeneo ambayo diski imeshindwa kuyasoma na inasubiri kuyaamulia, umeandikwa 1A8. Nikadhani ni namba ya kosa, kumbe ile programu inahesabu kwa mtindo wa kompyuta, ukibadilisha ni 424. Na 05 nayo imepanda, yani maeneo yaliyokwisha kufa na kuhamishwa. Ila C7 ni sifuri, na C7 ndo huwa inapanda waya ukiwa mbovu. Hii niliijua baada ya kununua waya mpya wa SATA, ule unaounganisha diski, basi, upo kwenye droo.

Shemeji naye akaja na la kwake, itie kwenye friza usiku mmoja. Nikamwambia shemeji, toa soda kwenye friji uiweke hapo mezani uone inavyotoka jasho kwa joto hili la Februari, sasa jasho hilo liingie kwenye sahani za diski? Akanyamaza lakini hakukubali.

Nikaacha kabisa kuwasha Windows. Nikaazima diski ya nje ya TB 1 kwa jamaa wa kazini, nikaandaa flashi ya SystemRescue, mfumo unaowasha kompyuta bila Windows, ndani yake kuna ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Uzuri wa ddrescue ni kwamba haing'ang'anii. Ikikuta sehemu mbovu inairuka, inachota kwanza kile kinachochoteka, mabovu inayarudia mwishoni. Na inaandika faili la ramani, wapi imepita wapi bado. Kabla ya kubonyeza nikaangalia mara nne ipi ya GB 500 ipi ya TB 1, kwa sababu ukikosea chanzo na mapokeo umejifuta mwenyewe.

Ikaenda vizuri mno. Nafika asilimia 61, saa tano usiku, umeme huo, paa. Giza. Nikasema sina wasiwasi, si nina ramani? Umeme ukarudi, nawasha, ramani haipo. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye ule mfumo wa flashi unaoishi kwenye RAM, umeme ukikata vyote vinayeyuka! Bila ramani, ddrescue inaanza moja. Nilikaa pale na tochi ya simu nikajicheka peke yangu.

Mara ya pili ramani nikaiweka kwenye diski ya nje, pamoja na picha yenyewe, yani nakala nzima ya diski. Nikaitoa diski mgonjwa nje ya boksi, nikailaza juu ya vigae, feni ya mezani inaipuliza ubavuni. Kufika asilimia themanini na kitu ikapotea kabisa kwenye orodha, haionekani. Nikazima, nikaiacha ipoe kama nusu saa, nikawasha, amri ileile na ramani ileile, ikaendelea palepale. Umeme ulikatika tena mara moja, safari hii nikaenda zangu kuoga. Palipokuwa pagumu nikaongeza -R isome kutoka mwisho kurudi nyuma, na ikatoa vingi ambavyo kwa mbele ilikwama. Hili lilinifurahisha kuliko mshahara.

Siku mbili na nusu. Zilizobaki hazisomeki ni kama MB 30 hivi. Picha nikaifungua kwa kusoma tu, nikakopi, SSD mpya (diski isiyo na sahani zinazozunguka) ikaingia kwa elfu themanini na kitu nadhani, nikaweka na Windows (ndiyo, sasa ndo muda wake). Zile .CHK nyingi zilikuwa Word tu, nikabadilisha herufi za mwisho zikafunguka, moja moja, jioni nzima.

Kama yako inagonga kwa nguvu na BIOS, ile programu ya kwanza kompyuta ikiwaka, haiioni kabisa, haya yote hayakuhusu, izime tu.

Kilichopotea jumla ni ripoti moja iliyokwisha kusahihishwa na mtihani wa Jiografia kidato cha pili kuanzia swali la saba. Mama watoto akampigia mwalimu kumwomba radhi. Mwalimu akasema afadhali, hayo maswali alikuwa anataka kuyabadilisha.