Nukta mbili zenye maana mbili

Kwenye Linux, ukiwa na diski ya nje yenye picha za Maulidi ya Lamu, ni kawaida kuweka kiungo (symlink, jina linaloelekeza kwenye folda iliyo kwingine) kwenye folda yako ya nyumbani ili usiandike njia ndefu kila mara:

ln -s /mnt/diski/picha/maulidi ~/maulidi

Sasa ingia kwa cd ~/maulidi, nakili faili kwa cp orodha.txt .. kisha toka kwa cd .. na uandike ls. Orodha haipo. Haijapotea: imo ndani ya /mnt/diski/picha, nawe umesimama /home/wewe. Nukta mbili (..), yaani folda ya juu ya hii uliyomo, ni zilezile, ila waliozisoma ni wawili na kila mmoja kazisoma kivyake.

Anayezijua nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa Lamu, ataelewa upesi. Baadhi zimeunganishwa na wikio, kile chumba kilichojengwa juu ya kichochoro. Mtu akipanda ngazi za nyumba ya kwanza, akapita wikio akaingia ya pili, kisha akaambiwa atoke, atatokea mlango upi? Sheli, programu inayopokea amri unazoandika, humrudisha kwenye mlango alioingilia. Amri nyingine zote humtoa kwa mlango wa nyumba aliyomo.

Sababu ni kwamba bash na zsh huhifadhi njia uliyopitia, kama maandishi, ndani ya kigeu kiitwacho PWD. Ukiandika cd .. sheli hukata jina la mwisho la maandishi hayo: /home/wewe/maulidi inabaki /home/wewe. Lakini ls, cp, mv na rm hazijui ulipita wapi. Zinaupelekea mfumo nukta mbili, nao mfumo hutafuta mzazi halisi wa folda uliyomo. Mfumo hauna kumbukumbu ya kiungo chochote.

Kwa hiyo cd .. && rm -rf muda na rm -rf ../muda, zote za kufuta folda, si amri moja. Hapa ndipo data za watu zinapoangamia, hasa ndani ya skripti ambayo mwandishi wake aliijaribu mahali pasipo na kiungo. Kwenye skripti andika njia kamili, au ingia kwa cd -P, ambayo hufuata kiungo hadi mwisho na kuandika njia halisi ndani ya PWD. Ukitaka bash ifanye hivyo daima, weka set -P. Kwa kazi ya mkono mimi naona tabia ya kawaida ni nzuri. Kurudi ulikotoka ndilo jambo analolitarajia mtu.

Ukiwa na shaka, andika pwd kisha pwd -P. Majibu yakitofautiana, umepita kwenye kiungo.

Kubadilisha kiungo nako kuna mtego. Mwaka ukigeuka, wengi huandika ln -sf wakitaja folda mpya, na kiungo kipya kinazaliwa ndani ya folda ya zamani badala ya kuchukua nafasi ya kile cha kwanza, kwa kuwa ln imefuata kiungo na kukuta folda. Inatakiwa -n:

ln -sfn /mnt/diski/picha/maulidi-2024 ~/maulidi

Hata hivyo, terminali iliyokuwa tayari ndani ya ~/maulidi inabaki kwenye folda ya zamani, na pwd itaendelea kuonyesha jina lilelile kana kwamba hakuna kilichobadilika. Andika cd . na sheli itaisoma njia upya, ikupeleke kwenye folda mpya.

Unapounda kiungo, njia isiyoanza na mkwaju (/) husomwa kuanzia folda ambamo kiungo kimewekwa. Pale uliposimama ulipokiunda hapahesabiwi. Viungo vingi vilivyokufa vimetokana na hilo. Vingine ni diski tu haijaunganishwa, na ls -l bado itakuonyesha herufi l mwanzoni mwa mstari na mshale unaoelekea pasipo na kitu. Viungo vikizungukana, Linux huacha kuvifuata baada ya 40 na kutoa kosa.

Kukifuta kiungo, andika rm ~/maulidi, bila -r na bila mkwaju mwishoni. Kitufe cha Tab, kinachokukamilishia jina, wakati mwingine huongeza mkwaju huo chenyewe, na ukiwapo, jina halisemi tena kiungo, linasema folda yenye picha.